Kipaza Atoke Nje

Daktari alipoitazama karatasi na kukuta sifuri kwa mara ya nane, hakutoa hongera. Aliiweka mezani, akaisukuma taratibu kwa kidole mpaka ikarudi mbele ya mwenyewe, kama mtu anayerudisha sahani ambayo haikuoshwa vizuri.

"Hebu niambie tena," alisema. "Ukiwa umesimama pale mbele, watu kumi na wawili wanakutazama, hofu yako kati ya sifuri na mia ilikuwa ngapi?"

"Sifuri."

"Moyo kwenda mbio?"

"Hapana."

"Mikono kutetemeka? Jasho? Kutamani mlango?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwenye vidole vilivyojaa alama ndogo ndogo za kukatwa na vioo, na hakuwa na tabia ya kujibu ili amridhishe mtu. "Sikutamani kitu," alisema.

Kando yake Kipaza alicheka kwa fahari, akampigapiga bega. "Si nilikwambia, Daktari? Huyu amepona. Wiki ya kwanza alitetemeka mpaka karatasi ikamdondoka. Leo amesimama kama ukuta!"

"Ndiyo," Daktari alisema. "Kama ukuta. Hilo ndilo linaloninyima raha."

Walikuwa wamekaa watatu katika ofisi ndogo ya kliniki, ghorofa ya pili, meza moja, kabati moja la mafaili na feni iliyokuwa inazunguka huku inalalamika. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, nywele kazikata fupi, sauti yake ya chini. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa moja tu: watu ambao wangekubali kung'olewa jino kuliko kusimama mbele ya wenzao na kusema. Kila mwanzo wa juma alikusanya wasikilizaji wa kujitolea, akawapanga kwenye viti, kisha akamleta mgonjwa wake asimame mbele yao. Hapo kulikuwa hakuna dawa wala kulala kitandani na kusimulia ndoto. Ulikuwa unakutana na kile unachokiogopa, uso kwa uso, mara nyingi uwezavyo.

Fundi alikuwa anatengeneza miwani. Tangu asubuhi hadi jioni alikaa kwenye benchi la karakana nyuma ya duka, akisaga lenzi, akizipima, akizibana kwenye fremu. Alikuwa fundi bora kuliko wote, na uongozi ulitaka awafundishe mafundi wapya wa matawi yote manne. Alikuwa amepewa miezi mitatu ajiandae. Ndiyo sababu iliyoandikwa kwenye fomu ya kliniki. Fomu yenyewe aliijaza Kipaza.

Kipaza alikuwa mchumba wake, na riziki yake ilikuwa mdomo wake. Alikuwa mshereheshaji. Harusi, mahafali, uzinduzi wa maduka, popote palipohitaji mtu wa kuwachekesha wageni mpaka chakula kifike, aliitwa yeye. Hata mama yake alikwishaacha kumwita jina lake la kuzaliwa. Alikuwa mrefu, mzuri wa uso, mwenye macho ya kucheka, na alimpenda Fundi kwa dhati. Hilo hakuna aliyelitilia shaka. Simu za Fundi alipokea yeye. Mwenye nyumba wa Fundi alizungumza naye. Hata kwa daktari wa meno ni Kipaza aliyeeleza ni jino lipi linamuuma mwenzake, na alipatia.

"Nikueleze jambo," Daktari alisema, akimgeukia Fundi peke yake. "Zamani nilikuwa natibu kama wengine. Nilimsimamisha mtu mbele ya watu, tunangoja hofu ishuke. Ikishuka, tunasema kapona. Anaondoka anacheka. Baada ya miezi mitatu anarudi yuko vilevile, au kazidi. Nikajiuliza ninakosea wapi. Nikagundua hofu kushuka hakumfundishi mtu chochote. Kinachofundisha ni kuona kwamba lile ulilodhani litatokea halikutokea. Au limetokea, na hukufa."

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa mtu akija na mwavuli, hatajua kama mvua ingemlowesha. Wengine mwavuli wao ni karatasi. Wengine ni chupa ya maji wanayoishika muda wote. Wako mimi nimeuona tangu siku ya kwanza." Akaelekeza kidevu pembeni. "Umekaa naye hapo."

Kipaza aliangalia nyuma yake, kama vile kuna mtu mwingine ameingia. Kisha akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mimi? Mwavuli?"

"Unakaa kiti cha katikati, mstari wa mbele. Anakutazama wewe tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Anachosema umemwandikia wewe, amekikariri neno kwa neno. Mimi nimewapa wasikilizaji wangu kazi ya kupiga miayo, kuna mmoja alilala kabisa wiki iliyopita, na yeye hakumwona. Hayupo chumbani. Anaondoka anaacha mwili umesimama."

Fundi alisikiliza maneno hayo kama yanamhusu jirani. Aliona kwamba ni ya kweli. Ndivyo ilivyokuwa. Alipofika pale mbele, kitu ndani yake kilizima taa na kufunga mlango, na mdomo ukabaki unafanya kazi wenyewe.

"Kwa hiyo leo kuna awamu ya pili," Daktari aliendelea. "Chumba kingine, wasikilizaji wengine. Bila karatasi, bila maneno ya kukariri. Na Kipaza atoke nje. Ndiyo maana nilituma ule ujumbe uje peke yako."

"Ujumbe gani?" Fundi aliuliza.

Feni ilizunguka. Daktari alimtazama Fundi, akamtazama Kipaza, akavuta faili na kulifungua.

"Nimetuma mara mbili. Wiki mbili zilizopita, na juzi. Kwa namba iliyo kwenye fomu." Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja.

Ilikuwa namba ya Kipaza.

"Aa, ule," Kipaza alisema. "Ule nilisahau kumwambia. Kazi zilinibana, Daktari, wewe mwenyewe unajua msimu huu, nilikuwa na harusi tatu mfululizo na..."

"Mara mbili?" Daktari aliuliza kwa upole.

Daktari akainuka. "Nakwenda kupanga viti. Nitarudi baada ya dakika kumi."

Mlango ulipofungwa, Kipaza alikigeuza kiti chake wakawa uso kwa uso. Akamshika mikono yote miwili.

"Mpenzi, usinielewe vibaya."

"Uliusoma?"

"Niliusoma. Nikaona hauna maana. Huyu mama ana vitabu vyake, mimi nina wewe. Nani anakujua zaidi? Nikikaa pale mbele unasema vizuri, hilo kila mtu ameliona. Sasa mtu anatembea vizuri na fimbo yake, unamnyang'anya fimbo ili iweje?"

"Na wa pili?"

"Wa pili..." Alimwachia mkono mmoja, akajifuta paji la uso. "Nikukasirishe kwa nini kabla ya siku yenyewe? Jumamosi tuna Shangazi. Unajua Shangazi alivyo. Nilitaka uwe umetulia."

Shangazi wa Kipaza ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipoachana, na ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Miezi miwili nyuma waliitwa kwake ili familia imwone mchumba. Walikuwa watu tisa sebuleni. Shangazi alimwomba Fundi ajitambulishe, na kabla Fundi hajameza mate, Kipaza alikuwa amesimama, ameeleza kila kitu: alikozaliwa, alikosoma, kazi yake, anavyopenda chai isiyo na sukari, mpaka ndugu wakavunjika mbavu. Shangazi hakucheka. Alisubiri mpaka kimya kikarudi, akasema, "Bwana harusi tumemsikia. Bibi harusi bado. Mimi siwezi kumpokea mtu ambaye sijamsikia sauti." Akatoa tarehe nyingine, Jumamosi ya juma hili. Bila Fundi kujieleza kwa mdomo wake, baraka haikuwepo.

"Umekasirika?" Kipaza aliuliza.

Fundi alijikagua. Alijua kwamba mwanamke mwingine angekasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba, akapapasa huku na huku, akakuta vitu vingine vidogo visivyo na maana: feni ina vumbi, fremu ya miwani ya Kipaza imelegea upande wa kushoto, nje mtu anaburuta viti.

"Sijui," alisema. "Hapana."

Kipaza alipumua kwa nguvu, akambusu kwenye vidole. "Ndiyo maana nakupenda. Huna makuu."

Fundi alimtazama akiinama juu ya mikono yake. Alimwona vizuri, kichwa kile, shingo ile iliyonyolewa jana, na akajiuliza kwa utulivu kabisa kama anampenda. Jibu halikuja. Haikuwa hapana, wala haikuwa ndiyo. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo huna hakika ina watu.

Daktari alirudi na kalamu na kikaratasi. Kipaza akainuka mwenyewe. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo aseme neno la kumtia moyo, akakutana na jicho la Daktari, akatoka.

"Andika unaogopa kitatokea nini," Daktari alisema.

"Siogopi kitu."

"Sijauliza unajisikiaje. Nimeuliza kitatokea nini. Ukisimama pale bila karatasi na bila mwenzako, jambo baya kuliko yote ni lipi?"

Fundi aliishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaandika maneno mawili, akamrudishia.

Daktari akasoma. "'Nitaomba maji.'" Akainua uso. "Hili ndilo baya kuliko yote?"

"Ndiyo."

Daktari hakuuliza zaidi. Alikikunja kikaratasi na kukitia mfukoni. "Twende tukaone."

Chumba kilikuwa upande wa pili wa ukumbi mwembamba, kikubwa kuliko kile alichokizoea, na madirisha yalikuwa nyuma ya viti, kwa hiyo mwanga ulimpiga Fundi usoni. Watu kumi na wawili. Aliwatazama kama alivyozoea kuwatazama watu, kwa miwani yao. Mzee wa kiti cha nne, fremu imekaa upande. Kijana wa chuo, lenzi zimekwaruzwa. Mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano, miwani ya kusomea imening'inia kifuani kwa uzi. Mstari wa mbele, katikati, palikuwa na mwanamume asiyemjua, amekunja mikono.

"Zungumza lolote kwa dakika tano," Daktari alisema kutoka kwenye kona. "Ukinyamaza, nyamaza. Usiondoke tu."

Fundi akaanza. Alijisikia akisema miwani hutengenezwa kwa hatua saba, na kwamba hatua ya kwanza ni kusoma cheti cha macho. Ni maneno ya Kipaza. Yalikuja yenyewe, na ile taa ndani yake ikaanza kuzima kama kawaida. Akainua macho kutafuta uso wa kushikilia. Akakuta mikono iliyokunjwa.

Akakwama.

Kijana wa chuo alipiga mwayo mrefu. Mzee wa kiti cha nne aliinuka, akatembea mpaka mlangoni, akatoka na kuuacha mlango wazi. Hayo Daktari alikuwa ameyapanga, lakini Fundi hakujua. Alijua tu kwamba watu wamenyamaza, wanamtazama, na sauti imemwisha.

Ndipo hofu ilipomjia. Unajua mguu ukikaliwa muda mrefu unavyokufa ganzi, hata ukifinywa husikii, halafu damu inaporudi unatamani ungeuacha hivyo hivyo? Basi kwa Fundi ilikuwa mwili mzima. Masikio yaliwaka. Ulimi ukakauka ukawa kama kipande cha kitambaa, na neno likamfikia mdomoni, liko tayari kabisa, maji, naomba maji.

Akakaza meno. Sekunde zikapita. Mtu akakohoa.

"Kazini," alisema. Sauti ilitoka imepasuka. "Kazini kwetu kulikuwa na dada mmoja tulikuwa tunamwita Mrefu."

Mama wa kitambaa cha njano akasogea mbele kwenye kiti.

"Benchi lake lilikuwa pembeni ya langu. Miaka minne. Alikuwa akiona mkono wangu umechoka, ananimalizia lenzi zangu, hasemi kitu. Sasa siku moja mwalimu mmoja alianguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Miwani yetu. Lenzi ya kulia imewekwa kushoto, ya kushoto imewekwa kulia. Mwenye kuitengeneza alikuwa Mrefu. Lakini Mrefu alifuata karatasi ya kazi. Karatasi aliiandika msimamizi, na msimamizi ndiye aliyekosea. Mimi niliiona. Niliiona kwa macho yangu kabla msimamizi hajaichana na kuandika nyingine."

Alishikanisha mikono. Hakuwa na mtu wa kumtazama, kwa hiyo aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Meneja akatuita wote karakana. Watu thelathini na mmoja. Akasema Mrefu anaondoka leo. Akauliza, kuna mwenye la kusema? Nikanyoosha mkono. Mimi. Wote wakageuka. Mrefu akanitazama, na akatabasamu, kwa sababu alijua ninajua. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Nikasema, 'Naomba maji.'"

Hakuna aliyecheka.

"Kule walicheka. Nikaletewa maji. Nikanywa, nikakaa. Mrefu akakusanya vitu vyake. Hii ni miaka miwili. Tangu siku hiyo..." Akatafuta neno, akalikosa, akaliacha. "Tangu siku hiyo nakula, nalala, naenda kazini. Ni hivyo tu. Nimemaliza."

Mama wa kitambaa cha njano, ambaye alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, aliuliza bila kunyoosha mkono, "Na huyo Mrefu yuko wapi sasa, mwanangu?"

"Sijui," Fundi alisema, na jibu hilo likamuumiza kuliko yote aliyoyasema. Machozi yakamtoka mengi, bila mpango, akiwa amesimama wima mbele ya watu kumi na mmoja. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na mzee wa kiti cha nne akachungulia mlangoni kuuliza kama ameshapitwa.

Daktari alikuja mpaka aliposimama. "Hofu, sifuri mpaka mia?"

"Tisini. Hapana. Tisini na tano."

"Uliomba maji?"

"Sikuomba."

"Ulikufa?"

Fundi alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Bado," alisema, na Daktari akacheka kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Saa tano utarudia. Chini, kwenye sehemu wanayosubiri wagonjwa wa macho. Hawajui kama unakuja, na wengine hawatakutazama kabisa. Leo na kesho na kesho kutwa, kila mara mahali tofauti. Tisini na tano yako ni nzuri kuliko sifuri zako zote nane, unanisikia?"

Kipaza alikuwa kwenye benchi la ukumbini, viwiko magotini. Alipomwona aliruka juu, mikono imefunguka.

"Nimesikia makofi! Si nilisema? Ulianza na zile hatua saba, eeh? Halafu ukaingiza ule mzaha wa fremu ya bibi, najua, ule huwa hau..." Akaona macho yake. "Umelia? Nani amekuliza? Ngoja niingie nimwambie yule mama..."

"Kipaza."

"...kwamba mtu hachezewi namna hii, mimi ni..."

"Kipaza! Nyamaza!"

Ukumbi wote uliisikia. Hata Fundi mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine, sauti kubwa, yenye makali. Kipaza akanyamaza, mikono bado imefunguka.

"Uliuficha ujumbe wangu," Fundi alisema. "Ulikuwa wangu. Haukuwa wako. Umekaa nao wiki mbili, unanitazama nakwenda pale mbele nimekufa, unanipigia makofi!"

"Ulisema hukukasirika."

"Sasa nimekasirika! Imechelewa, lakini imefika!"

Kipaza alikaa chini taratibu, kama amesukumwa. Kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa umepangwa kwa ajili ya wageni. "Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Siku utakayoweza kusema, utasema nini kuhusu mimi?" Alitazama sakafu. "Mimi watu wananisikiliza kwa sababu wameshika sahani, Fundi. Sherehe ikiisha hakuna anayekumbuka nilichosema. Wewe ulikaa ukanisikiliza tangu siku ile nilipokuja dukani na miwani iliyovunjika. Mwaka mzima na zaidi. Nikaona, akipona, atachoka."

Fundi angeweza kumwachia hilo. Ilikuwa karibu amwachie. "Sikuwa nakusikiliza," alisema, polepole sasa. "Nilikuwa sipo. Unayemjua hakuwepo, Kipaza. Kuna jambo lilitokea kazini kabla hujaja dukani. Nimewasimulia watu wa mle ndani."

"Jambo gani? Watu wa mle ndani?" Kauli hiyo iliingia kifuani mwake, ikaonekana ilivyoingia. "Watu usiowajua? Mbona mimi hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea."

Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe. Fundi akageuka. Wasikilizaji walikuwa wametoka kunywa chai kwenye meza ya ukutani. Walikuwa pale tangu kitambo, vikombe mkononi, hakuna aliyekunywa. Kijana wa chuo aliangalia dari. Karani wa posta hakujisumbua kuangalia kwingine.

Joto lilimpanda Fundi mpaka kwenye nywele. Mlango wa ngazi ulikuwa hatua tano. Kipaza akainuka haraka, akashusha sauti, "Twende nje, mpenzi, watu..."

"Waache," Fundi alisema, ingawa sauti ilikuwa imeanza kutetemeka tena. "Sijamaliza. Kesho asubuhi nakwenda kwa meneja. Kuna mtu alifukuzwa kwa kosa la mwingine, na mimi ni shahidi. Huenda na mimi nikafukuzwa. Baada ya hapo namtafuta mwenyewe, popote alipo. Na Jumamosi nakwenda kwa Shangazi."

"Tunakwenda."

"Nakwenda."

Kipaza alifungua mdomo. Kila mtu pale ukumbini aliona maneno yakimjia, mengi, mazuri. Akaufunga.

"Atakuuliza kwa nini unataka kuolewa na mimi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. "Utamwambia nini?"

"Sijui. Nikisema najua nitakudanganya. Bado mwili mzima una ganzi, ndiyo kwanza inaanza kuachia." Alivuta pumzi. "Ila pale ndani, nilipomaliza, kitu cha kwanza nilichotaka ni kutoka nije nikupigie kelele. Sikumtaka mama yangu, wala rafiki yangu, wala msimamizi. Nilikutaka wewe."

"Hilo ni zuri au baya?"

"Sijui, Kipaza. Ni kitu. Jana kulikuwa hakuna kitu."

Kipaza alivua miwani yake, akaifuta na shati, akaifuta tena. Fundi akaipokea. Fremu ilikuwa imelegea kama alivyoiona ofisini. Akaibana kwa kucha, akamvalisha, vidole vikapita nyuma ya masikio yake, na mara hii aliusikia ujoto wa ngozi yake, wa ghafla, mpaka akarudisha mikono.

"Jumamosi nitajuaje umemjibu nini?" Kipaza aliuliza.

"Nitakuja kwako nikwambie. Utakaa, nitasema, wewe utanyamaza mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Haya, baba, umeshaambiwa," alisema karani wa posta, na mtu mmoja akapaliwa na chai.

Daktari alitokea mlangoni, akagonga saa yake kwa kidole. Fundi akaitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye ngazi, Kipaza akamwita, si kwa sauti ya ukumbini, kwa ile ndogo.

"Fundi. Nakupenda."

"Nimesikia," alisema, akaanza kushuka huku ameshika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, kwenda kwa wagonjwa wa macho.